Harufu Ilipoisha

Asubuhi za kiangazi huwa baridi sana Kolwezi. Mama Tshibola aliwasha makala, akachemsha chai ya watoto. Mume wake, Kalombo, alikuwa fundi wa mashine. Waliishi mwisho wa mtaa, karibu na mabwawa matatu. Maji machafu ya mji yalifika pale kwa bomba, chini ya ardhi.

Ukungu ulifunika bwawa la kwanza. Ndani yake ilitoka sauti. *Blup.* Kimya. *Blup.* Kama mtu anapumua chini ya maji.

"Ni Ngeleka," majirani walinong'ona.

Ngeleka alikuwa mlinzi wa mabwawa. Mwaka uliopita alishuka peke yake katika shimo la bomba. Alikutwa ameketi chini, amekufa, macho wazi, bila jeraha. Tangu siku ile watu waliogopa kusogea. Bila mtu wa kusafisha, matambara na majani yakajaa kwenye wavu wa chuma, pale maji yanapoingia bwawani.

Halafu choo cha Tshibola kikaanza kunguruma. Maji meusi yakapanda, yakamwagika uani. Mtoto wao Mbelu akashikwa na kuhara. Tshibola alimpeleka zahanati.

"Ngeleka iko natuita," alimwambia mume wake alipotoka huko.

"Mufu haiwezi kufunga tiyo ya maji," Kalombo alijibu. "Kesho mi mwenyewe nitashuka mu shimo niizibue."

Tshibola alilia. Kalombo hakubadili nia. Basi kesho yake, kando ya shimo la bomba, mke akamfunga kamba kifuani, akakaza fundo kwa mikono yake. Jirani yao, tata Mukendi, akashika kamba juu. Jua lilikuwa kali, lakini ndani ya shimo kulikuwa giza tupu.

Kalombo aliposhuka, mwanamke mmoja alifika na baiskeli. Alikuwa mama Bilonda, mfanyakazi wa usafi wa mji. Zahanati ilimtuma aje kutazama maji ya mtaa ule. Alipoona kifuniko wazi, alitupa baiskeli chini.

"Tata! Unasikia harufu gani?" aliita kuelekea shimoni.

Sauti ya Kalombo ilitoka chini, polepole, kama ya mtu anayelala.

"Mbele ilinuka sana, sawa mayai ya kuoza. Sasa harufu imeisha. Kuko muzuri hapa."

"Mumuvute!" Bilonda alipiga kelele. "Mumuvute sasa hivi! Mutu asishuke!"

Wote watatu walivuta. Kalombo alitoka mikono ikining'inia, macho wazi, asimwone mtu. Walimlaza penye upepo. Tshibola alimwita, akamwita tena. Mwishowe alikohoa, akatapika.

"Usingizi ilikuwa nanishika," alisema.

Bilonda aliketi karibu nao.

"Uchafu unalala chini ya maji, unaoza pasipo hewa. Unatoa gazi, hewa ya sumu. Ndiyo ile munasikia mu bwawa, na inajaa mu shimo. Gazi ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa mingi, inaua pua kwanza, kisha inaua mutu. Ngeleka haiite mutu. Ni gazi ilimuua."

"Na maji mu uwanja wetu?" Tshibola aliuliza.

"Wavu umejaa. Maji inakosa njia, inarudi kwenu. Ikipita, bwawa ya kwanza inashika matope. Zile ingine mbili, jua na upepo vinasafisha maji. Lakini wavu tunasafisha toka inje, na reki ya muti murefu. Mu shimo hatuingie."

Walifanya hivyo siku ileile. Maji yakaanza kwenda. Tshibola alimwaga chokaa uani, akachemsha maji ya kunywa, akanawisha watoto mikono kwa sabuni. Mbelu akapona, akaanza tena kuomba bukari, ugali wa kwao. Wanaume wa mtaa wakapokezana reki.

Mvua ilipoanza, Kazadi, jirani mwingine, aliangusha ndoo mpya katika shimo la choo chake. Alivua shati ili ashuke. Kalombo alikimbia, akafunga kifuniko, akakikalia.

"Toka, tata! Ndoo yangu!"

"Ndoo ingine iko ku soko," Kalombo alisema, hakuinuka. "Kazadi ingine haiko."