Kivuli cha Mwezi wa Pili

Asubuhi kilipotoka kitabu cha tano, foleni ya duka la vitabu ilitoka mlangoni ikazunguka kona. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya hadithi ya sayari moja yenye miezi miwili, na cha nne kilikuwa kimeishia pabaya: Nahodha, kipenzi cha wasomaji, ametoweka, na hakuna aliyejua kama yu hai. Katikati ya foleni alisimama fundi miwani mmoja, shati limepigwa pasi likanyooka, akiwahubiria walio karibu kwamba mwezi wa pili si mwezi. Ni meli ya angani, na Nahodha yumo ndani. Watu walimwita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, naye alisikia ile nusu ya kwanza tu.

"Samahani, kaka," ilisema sauti nyuma yake. "Haiwezekani."

Aligeuka. Alikuwa mwanamke mwenye buti za vumbi na koti la kazi la rangi ya chungwa, penseli ameichomeka kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na ramani ya kitabu cha kwanza alikuwa ameipima kwa rula. Katika kitabu cha pili, alieleza, kivuli cha mwezi huo kilifunika nchi nzima. Meli gani ya kufunika nchi nzima? Foleni ilicheka, Profesa naye akacheka, maana moyo wake ulikuwa umeshatekwa pale pale. Aliomba namba ya simu ili, alisema, amtumie ushahidi.

Ushahidi ulichukua miezi minne, maana kitabu cha tano nacho kiliisha bila kusema Nahodha yuko wapi. Profesa alimpigia asubuhi akisafisha vioo, akampigia mchana mpima ardhi akiwa amekaa juu ya jiwe na chakula chake, na mazungumzo yaliyoanza na Nahodha yaliishia kwingine kabisa. Alimwita "mpimaji wangu"; yeye akamwita "mbishi wangu". Mama yake mpimaji aliuliza kama huyo ni mchumba au mhubiri, akaambiwa ni vyote viwili. Walipendana, ndiyo hivyo, sina haja ya kuzunguka.

Kisha Profesa akaanza kuona dalili.

Mpenzi wake alianza kukata simu haraka. Alipompitia ofisini, alikuta sanduku jekundu la safari chini ya meza, nalo likasukumwa ndani zaidi kwa mguu. Halafu siku moja alimsikia akimwambia mwanamume kwenye simu, "Asijue mpaka Jumamosi." Mtu mwingine angeuliza. Profesa alikuwa na miaka kumi ya kutunga nadharia kutokana na vitu vidogo kuliko hivyo, basi alikaa akaviunga: mpimaji anasafiri, na hasafiri peke yake.

Dada yake, aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye duka la miwani, alimsikiliza huku akikaza skrubu ya fremu.

"Umemwuliza?"

"Dalili ya mvua ni mawingu, dada."

"Na kuuliza si ujinga."

Hakusikia. Aliandika ujumbe wenye hoja tano zilizopangwa vizuri, ya tano ikimtakia mpimaji kila la heri huko aendako na huyo mwenzake, akautuma. Mpima ardhi aliusoma akiwa amesimama juani, akausoma tena, kisha akalia kwa hasira mbele ya wafanyakazi wenzake. Hakujibu. Profesa akauhesabu ukimya huo kuwa hoja ya sita.

Jumamosi wasomaji walikutana katika ukumbi wa maktaba, na msemaji wa siku alikuwa Profesa. Alikwenda kwa sababu ameahidi tu, macho mekundu na shati halijaguswa na pasi. Hajamaliza sentensi ya kwanza, mlango ukafunguliwa. Aliingia mpimaji akivuta sanduku jekundu, amevaa gauni la bluu lililomkaa vizuri hata waliokuwa wakisinzia wakaamka, na nyuma yake mzee mmoja wa ofisini kwao amebeba taa.

Alifunga mapazia bila kumsalimu mtu. Ndani ya sanduku mlikuwa na sayari ya karatasi ngumu, milima na bandari zake zimechorwa kwa kipimo, pamoja na meli ndogo ya bati. Usiku ule wa kivuli, aliwaeleza, mwanga haukutoka juani. Ulitoka kwenye mwezi wa kwanza, ulio karibu kuliko jua. Akaisogeza meli hadi mbele kabisa ya taa, iliyosimama badala ya mwezi huo. Kivuli chake kikakua, kikakua, kikafunika nchi nzima, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nadharia ya meli ilikuwa imesimama tena, na aliyeisimamisha ndiye aliyeiangusha.

"Wiki sita nimejenga hiki na huyu mzee," alimwambia Profesa. "Nilitaka ufurahi. Wewe ukaniletea hoja tano."

"Nisamehe. Niliogopa kukupoteza, nikakisia."

"Mkisie Nahodha. Aliyemwandika hapokei simu zako. Mimi napokea. Ukitaka kujua jambo langu, niulize mimi."

Profesa alishuka jukwaani. Alimwuliza kama bado anampenda, akajibiwa kwamba hilo hata mzee wa taa analijua.

"Basi nina swali la pili," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na karatasi mkononi. "Unakubali nikuoe?"

"Nakubali."

Mpimaji alimtazama, akisubiri aone kama atatafuta maana nyingine. Hakutafuta.