Benchi la Zahanati

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaenda kumsaidia mama yake. Jina hilo majirani walimpachika kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Mama yake alikuwa mchora matangazo kwenye mabenchi ya mji: hapa fundi viatu, pale duka la magodoro, herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Kibali alipewa na baraza la mji, na kibali hicho ndicho kilichowalisha.

Mwezi huo baraza likakata shauri. Matangazo yabaki kwenye mabenchi ya eneo la sokoni tu. Karibu na shule na zahanati yafutwe. Watoto wenye homa walikuwa wakikalishwa juu ya tangazo la kamari lenye karata nyekundu! Mama akapewa kazi ya kuyafuta.

"La zahanati nakuachia wewe," alimwambia Chiriku. "Piga msasa mpaka ule mng'ao wote uishe, maana rangi mpya haishiki juu yake, futa vumbi, ndipo upake rangi. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama. Kwani mimi mtoto?"

Lakini msasa unachosha, na rafiki yake Kibonge alikuwa akimpigia mluzi kutoka uwanjani. "Bado tu unakwaruza? Mpira utaisha huu!"

Chiriku alikuwa amesugua upande mmoja tu. Akapaka rangi ya kijivu juu ya mng'ao uliobaki, akatimua mbio. Nyumbani akasema, "Nimemaliza, tena limependeza!" Na kweli lilipendeza, mpaka mvua iliponyesha.

Rangi ikavimba, ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Zile karata nyekundu zikachungulia upya. Jumamosi asubuhi afisa wa baraza akamwita mama pale pale kwenye benchi, na Chiriku akafuata nyuma. Watu wakajaa.

"Tuambie ukweli, mama," afisa alisema, akibandua rangi kwa ukucha. "Wenye kamari wamekuomba upake juu juu, sivyo? Kibali chako nakichukua leo."

"Haki ya Mungu, hata siwajui! Benchi hili limepigwa msasa. Kafanya mwanangu, na mwanangu hanidanganyi."

"Basi mvua ndiyo inayokudanganya!" alidakia muuza magazeti. Watu wakaangua kicheko.

Mama hakucheka. Kwa mikono yake yenye madoa ya rangi akakitoa kibali mkobani. Chiriku akajipenyeza hadi mbele ya afisa.

"Mzee, usikichukue," alisema kwa sauti ndogo. "Sikupiga msasa. Nilikwenda kucheza. Mama hajui."

Mama akamgeukia, akamtazama, na Chiriku akaona afadhali angepigwa kofi.

"Nitajuaje kama hujafundishwa kusema hivyo?" afisa aliuliza.

"Kwaruza upande huu. Huku nilisugua."

Afisa akakwaruza, akakwaruza tena. Rangi haikubanduka. Akashusha pumzi. "Aliyehongwa asingesugua hata upande mmoja. Kibali kibaki. Lakini benchi lirudiwe leo. Na kazi nyingine ya baraza sitoi mpaka nimekagua mabenchi yenu yote."

Watu walipotawanyika, mama akapiga magoti, akaanza kusugua. Chiriku akapiga magoti kando yake.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana." Mama hakuinua uso. "Uvivu ningekusamehe siku ile ile. Tungerudi wote, tukamaliza kabla jua halijazama. Lakini uliponiambia umemaliza, nililichukua neno lako nikaapa nalo mbele za watu. Ukisema uongo, mwanangu, anaumia kwanza yule anayekuamini. Ukikosea, niambie mapema, hata kama nitagomba. Kugomba kwangu kutaisha."

Chiriku akasugua mpaka vidole vikawaka moto. Mama akapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, kama anayepima homa.

"Bado," alisema.

Chiriku akaendelea kusugua.