Alinichagulia Nyekundu, Kisha Akanikana

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, ni Mkongomani, na nina saluni ndogo ya kusuka nywele hapa Kyebando, Kampala. Wasomaji wenzangu, haya ninayowasimulia bado yananiliza...

Evans tulikutana kanisani. Yeye ni Mkenya, kazi yake kuwatengenezea wafanyabiashara nembo na kurasa za mtandaoni. Alinipenda, au ndivyo nilivyodhani! Tangazo la ndoa yetu lilikuwa limeshaanza kusomwa.

Siku moja akasema ukurasa wa saluni yangu umepooza. Mimi nilitaka rangi ya maziwa na kijani laini. Alicheka huyo! “Riziki, hizo ni rangi za kuomba radhi. Mtu anapitisha kidole kwenye simu, wala hakuoni!”

Akaniwekea nyekundu kali na nyeusi, akataka mlango na aproni vifanane na ukurasa. Nilimwuliza, sasa ni kampeni za uchaguzi, hii nyekundu haitachukuliwa kuwa ya wapinzani? Akasema biashara haina chama. Nikapaka mlango, nikavaa aproni, si ndiye mume wangu mtarajiwa?

Haikupita wiki, wateja wakaanza kunikwepa. Kisha akaja mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba yuko nyuma yake, na majirani wakajaa mlangoni.

“Nnyabo,” mwenyekiti akaniita, yaani mama, “wewe ni mkimbizi. Nani amekutuma kufanya siasa hapa?”

Nikifukuzwa hapa, nitakimbilia wapi tena? Evans alikuwa amekaa palepale, kompyuta mapajani. Nikasema huyu mchumba wangu ndiye aliyechagua rangi, atawaeleza.

Akaifunga kompyuta taratibu. “Mzee, huyu ni mteja wangu tu. Rangi alichagua mwenyewe.”

Mteja! Mbele ya watu tuliowaalika harusini! Jamani...

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, akasema basi nipake rangi nyingine, yaishe. Kwake yaliisha kweli.

Jioni Evans alirudi analia, eti alihofia kibali chake cha kazi. Na mimi je, sikuwa na hofu? Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji, nikamwomba asilisome tena tangazo letu. Nampenda mpaka leo, sitawadanganya, na ndiyo maana inauma hivi.

Dada zangu, nawasihi! Anayekuhimiza uonekane na kila mtu, mwulize kwanza, wakija kuuliza atasimama upande gani? Mimi sikuuliza. Jibu nilipewa mbele ya majirani, aproni nyekundu ikiwa bado kiunoni.