Magugu ya Armandine

Wifi yangu Armandine hawezi kuona kitu kilichoota bila kupandwa akakiacha. Ndivyo alivyo. Saa kumi na mbili asubuhi uwanja wake umeshafagiwa, na usipomzuia anavuka njia na kufagia wangu. Siku moja alifagia njia nzima mpaka mlangoni mwa kanisa.

Nilimwambia, "Wifi, ukifika baharini utafagia na mchanga?"

"Nikikusubiri wewe tutaoza na uchafu," alinijibu. Wala hakusimama kunitazama.

Tunakaa mlimani hapa kisiwani Rodrigues. Nyumba yangu iko upande huu wa njia. Ya kaka yangu Gontran, mume wa Armandine, iko upande ule. Gontran ana ng'ombe sita. Anawapenda ng'ombe hao kuliko anavyonipenda mimi, na hilo nimeshalikubali. Mimi ni mwalimu, nafundisha watu wazima kusoma katika ukumbi wa kanisa. Armandine alikuwa akivua pweza kwenye miamba na wanawake wenzake, mpaka goti lake likakataa. Basi alipopata kazi ya kupalilia, kazi ya kukaa chini na kung'oa, nyumba nzima ilishukuru.

Aliyempa kazi hiyo ni Noella Raffaut, mtaalamu wa mimea. Noella ni mtoto wa hapa hapa. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na vyeti vyake, na badala ya kukaa ofisini akanunua viatu vya mpira.

Juu ya nyumba zetu kuna mteremko ambako ng'ombe wa Gontran walikuwa wakila majani. Miti ya asili iliyobaki pale ilikuwa kumi na mmoja tu, ya aina tunayoiita bwa doliv, yote mizee. Hapakuwa na mti mchanga hata mmoja. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu uliteremka mpaka baharini, na maji ya pwani yakawa kama chai ya maziwa.

Noella alikuja kumwona Gontran. Nilikuwepo.

"Mjomba, miti hii inazaa mbegu kila mwaka," alisema. "Lakini ng'ombe wanakula kila kinachoota. Na magugu ya kigeni yanasonga kilichobaki. Wazee hawa wakifa, mteremko umekwisha. Naomba nizungushe uzio miaka mitatu."

"Na ng'ombe wangu wale nini? Uzio?"

"Utawakatia nyasi kule bondeni. Nitakusaidia."

Gontran alicheka. Lakini kesho yake alfajiri Noella alikuwa bondeni na mundu mkononi. Alikata vibaya, nyasi ndefu na fupi, tena alijikata kidole. Akaja siku ya pili. Akaja wiki nzima. Siku ya saba kaka yangu alisema, "Haya. Lakini nisikilize, binti. Pasaka ya mwaka wa tatu nitapanda huko juu. Nikiona miti michanga ishirini, iliyoota yenyewe, mteremko ni wako. Nikiikosa, nafungua uzio siku hiyo hiyo."

Walipeana mikono. Gontran ni mbishi, ila neno lake halirudi nyuma.

Noella akachuma jani la bwa doliv. Ni jani la kijani, nene, la mviringo. Akampa Armandine.

"Shangazi, ukiona mmea wenye jani kama hili, usiuguse. Mengine yote ng'oa."

Armandine alilitia lile jani katika kitabu chake cha sala ili asilisahau. Kisha alianza kazi. Jamani, ile kazi ilifanywa! Chini ya ile miti kumi na mmoja palikuwa safi kuliko jikoni kwangu.

Mwaka wa kwanza haukuota mti. Mwaka wa pili pia haukuota.

Noella hakuelewa. Alitega panya. Alipima udongo. Alihesabu mbegu moja moja chini ya kila mti. Nimemwona mimi, kwa macho yangu, amelala kifudifudi kwenye matope, mvua inampiga mgongoni, anatazama ardhi kwa kioo cha kukuzia. Vijana walipita wakamuuliza kama amepoteza hereni. Aliwajibu kwamba amepoteza msitu, wamsaidie kutafuta. Wawili walishuka wakatafuta naye mpaka mchana. Ndivyo alivyo binti yule, ukimcheka utajikuta unamfanyia kazi.

Ikafika Kwaresima ya mwaka wa tatu. Zilibaki wiki sita.

Ijumaa moja Noella alikuja kula kwa Armandine, amelowa chepechepe. Kulikuwa na ugali wa mahindi, maharage mekundu, na pweza mkavu aliyeungwa kwa nyanya. Gontran alimtazama, akasukuma bakuli la pilipili upande wake.

"Binti, mimi sikuchukii," alisema. "Lakini nina umri wa miaka hamsini na saba, na kila alfajiri niko bondeni nakata nyasi. Mgongo wangu unauma. Ng'ombe hawali huruma."

"Najua, mjomba," Noella alisema. "Neno letu ni lile lile."

Alitoka kwenda kunawa nyuma ya nyumba, karibu na banda la nguruwe. Hakurudi. Chakula kikapoa. Gontran akaenda kwa ng'ombe wake, mimi nikamfuata Noella.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kikapu cha Armandine, kile cha magugu ya asubuhi. Mkononi alishika kimmea kimoja. Kilikuwa chembamba kama unyoya wa kuku, cheusicheusi, na mstari mwekundu katikati ya kila jani. Ungesema kimekauka wiki iliyopita.

"Mwalimu," aliniambia polepole, "mwite shangazi."

Armandine alikuja akijifuta mikono.

"Haya umeyatoa wapi?" Noella aliuliza.

"Mlimani, chini ya miti. Yanaudhi hayo, Madam. Kila mvua ikinyesha, hayo. Nang'oa leo, wiki ijayo yamerudi. Nguruwe mwenyewe hayataki, anayakanyaga tu."

Noella aliketi chini, kwenye matope yale ya nguruwe, na nguo yake.

"Shangazi," alisema, "hawa ndio watoto."

"Watoto gani?"

"Watoto wa bwa doliv."

Armandine alikataa katakata. Alikwenda mbio ndani, akaleta kitabu cha sala, akatoa lile jani la mviringo. "Jani ulilonipa ni hili. Hebu tazama. Hili na hilo yana undugu gani?"

Noella alitoa simu. Alituonyesha picha za mlima mwingine. Mti wa kwanza ulifika gotini, majani yake membamba na meusi. Wa pili ulifika kifuani, na bado ulikuwa vile vile. Wa tatu ulimpita mtu urefu. Chini ulikuwa na majani membamba. Juu ulikuwa na majani ya mviringo. Mti mmoja, majani ya aina mbili.

"Kwa nini ujifiche hivyo?" niliuliza.

"Zamani kisiwa hiki kilijaa kobe wakubwa," alisema. "Hakukuwa na ng'ombe wala mbuzi. Aliyekula majani ni kobe, na kobe anafika hapa." Akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake. "Wataalamu wanadhani ndiyo sababu mti mchanga unavaa majani yanayofanana na takataka. Kobe anaona kitu kikavu, anapita. Mti ukishampita kobe urefu, unavaa majani yake yenyewe."

"Lakini kobe waliisha zamani sana," nilisema.

"Waliisha. Mti bado haujapata habari."

Mimi nilicheka. Armandine hakucheka. Alikuwa akikitazama kikapu, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nimewatupia nguruwe. Nifukuze tu, Madam."

Hapo ndipo nilipomjua Noella ni mtu wa namna gani. Aliinuka, akamshika mkono.

"Kosa ni langu, shangazi. Nilikuonyesha mama, sikukuonyesha mtoto. Jambo hili nalijua tangu chuoni, nikadhani kila mtu analijua. Wewe umefanya hasa nilichokuambia. Tena sasa najua mbegu zinaota. Sikuwa na habari nzuri kama hii kwa miaka mitatu."

Nimeona wasomi wengi, kanisani, shuleni na serikalini. Wanaosema "kosa ni langu" mbele ya mpaliliaji, wamejaa matope ya nguruwe, mimi nimemwona mmoja.

Siku ile ile tulianza upya. Kikapuni mlikuwa na vimche kumi na saba. Tulivipanda katika makopo yaliyotobolewa chini, kwa udongo uliotoka chini ya mti mama, tukaviweka kivulini. Kumi na viwili viliishi. Noella alisema vya makopo havihesabiwi, kwa kuwa mjomba alisema miti iliyoota yenyewe. Nilimwambia kaka yangu hatajua. "Mimi nitajua," alijibu.

Mlimani alibadilisha utaratibu wote. Mmea usioujua usiung'oe, uweke jiwe kando yake na uulize. Ung'oe magugu kwa vidole, siyo kwa jembe. Vichaka vya kigeni visikatwe vyote kwa siku moja, maana jua kali linaua vimche. Vikatwe kwa mistari, kivuli kingine kibaki mpaka vimche vipate nguvu.

Na Armandine, yule yule asiyeacha kitu, sasa macho yake yalikuwa yakitafuta mambo mengine. Alikuwa akipata vimche vitatu pale Noella alipopata kimoja, na kando ya kila kimoja aliweka jiwe. Kila jioni nilimuuliza, "Umemwambia mumeo?" Kila jioni alijibu, "Kesho."

Jumatatu ya Pasaka Gontran alivaa shati lake la kanisani, akapanda mlimani. Sisi wanawake watatu tulimfuata. Alisimama chini ya mti wa kwanza, mikono kiunoni, akatazama huku na huku.

"Naona mawe," alisema. "Miti iko wapi?"

"Gontran," Armandine alisema, "inua mguu wa kulia."

Aliinua. Nusu shubiri kutoka kwenye kiatu chake kulikuwa na kijiti cheusi chenye majani manne.

"Kikavu hiki?"

"Hicho ndicho kitoto. Vyote viko hivyo vikiwa vidogo." Akamtazama mumewe usoni. "Vimekuwa vikiota tangu mwaka wa kwanza, mume wangu. Ni mimi niliyeving'oa. Sikuvijua. Nikavitupa kwa nguruwe."

Gontran alimtazama mkewe. Akamtazama Noella. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nitakayekanusha.

"Yaani miaka miwili nimekata nyasi kila alfajiri," alisema, "na mke wangu analisha nguruwe msitu?"

"Ndiyo."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akataka kuketi, na Armandine akamkamata shati. "Angalia unapokaa!"

Kisha alihesabu. Alipiga magoti kando ya kila jiwe, na shati lake la kanisani, na hakuruka hata moja. Vilikuwa ishirini na sita. Aliposimama, magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo.

"Nilisema ishirini," alimwambia Noella. "Uzio unabaki."

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Mti mchanga mrefu kuliko yote sasa unanifika kiunoni, na bado unajifanya umekauka. Mfanyakazi mpya akija, Armandine ndiye anayemfundisha, na anaanza na mtoto kabla ya mama. Asiyeweza kutambua vimche kumi hapewi kikapu. Mvua kubwa ya mwezi wa pili ilipopita, maji yaliyoteremka mbele ya nyumba yangu yalikuwa na majani ndani yake, siyo udongo.

Na wiki iliyopita Gontran alimsimamisha Noella njiani, uso ameukunja.

"Ule uzio wenu uko mahali pabaya," alimwambia.

Nilimwona binti akivuta pumzi. Mwaka huu nyasi zilikuwa chache, na alidhani siku aliyoiogopa imefika.

"Pabaya kwa nini, mjomba?"

"Vitoto vimetoka nje. Nilikuwa nafunga ng'ombe, nikaona kimoja, nikapiga magoti. Nimehesabu tisa, upande wa malisho. Ng'ombe watavikanyaga. Usogezeni."

"Tukisogeza, malisho yako yatapungua."

"Najua yatapungua kiasi gani. Nimepima kwa hatua." Tayari alikuwa ameshika nyundo. "Nguzo unazo, au nikakate?"

Tulisogeza uzio Jumamosi, sisi wanne. Gontran ndiye aliyechagua pa kuweka kila nguzo, na kabla ya kuchimba shimo alilala kifudifudi kwanza akatazama.