Koti la Baba Lililonukia Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jesca alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampelekea Saburi ukoko wa ugali. Saburi alikuwa mbwa mzee wa rangi ya vumbi. Jesca hakuwa na dada, kwa hiyo siri zake zote alimwambia Saburi.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Itigi, pale mashamba yanapokutana na vichaka. Mwaka ule maduka ya mji yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya uhaba na foleni. Dukani kwa Idrissa ikaja sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Mama yake Jesca alinunua pakiti moja. Jesca kila alipoinusa alifumba macho na kujiona katika bustani asiyoijua, yenye upepo wa baridi, na hakuna mtu wa kumwita aoshe vyombo.

Jumamosi moja, mama akiwa sokoni na baba kijiji cha pili, Jesca aliota tena ndoto zake za mchana. Macho yake yakatua kwenye koti la baba la kuwindia. Lilining'inia mtini nyuma ya zizi, limekakamaa kwa vumbi na jasho. Jesca alijua kwamba koti lile haliguswi na sabuni wala haliingii jikoni. Lakini alimhurumia baba yake. Alilifua kwa povu jingi huku akiimba, akalianika juani, na jioni akalirudisha mtini. Aliwaza kwamba baba akifurahi, atamwambia nani amelifua.

Baba yake, Laurenti, alikuwa na kibali cha bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, cha kuwinda nguruwe pori waliokuwa wakifukua karanga za kijiji. Jumatatu alfajiri alivaa koti akaondoka na Saburi. Wiki ile mafua yalikuwa yamemziba pua, hakunusa chochote. Alirudi mikono mitupu. Jumanne ikawa hivyo hivyo.

"Shikamoo, baba," alisema Jesca.

"Marahaba, mwanangu. Mbwa huyu amezeeka," alijibu Laurenti kwa uchungu. "Nikijificha tu, anapiga chafya mfululizo! Nguruwe wanakimbia hata sijawaona. Kesho rafiki yangu Kefa atakuja kumchukua, akalinde mbuzi wake kule mbali."

Jesca alielewa mara moja kwa nini Saburi alikuwa akipiga chafya. Alifungua mdomo, akaogopa, akaufunga. Usiku aliota bustani yake ya maua, na ndani yake Saburi alikuwa akitembea akienda zake, bila kugeuka.

Asubuhi Kefa alifika na kamba. Alipoifunga shingoni mwa Saburi, mbwa alimtazama Jesca, akatikisa mkia taratibu.

"Baba, usimtoe!" Jesca aliangua kilio. "Ni mimi! Nililifua koti lako kwa sabuni ya maua. Saburi hana kosa."

Laurenti alilivua koti akampa Kefa. "Hebu nusa, mimi sina pua."

Kefa alinusa, akacheka hadi akajishika mbavu. "Laurenti! Unanukia kama bibi harusi! Nguruwe gani atakungoja?"

Laurenti hakucheka. Alifungua kamba shingoni mwa mbwa, akamwambia Jesca alete majivu.

Walilowesha koti katika maji ya majivu, wakalisuuza mara tatu kwa maji matupu, kisha wakalitundika kwenye upepo, mbali na moshi wa jiko. Jioni walilitia katika gunia safi pamoja na majani makavu na udongo wa kule kichakani. Likalala humo siku mbili. Lilipotolewa, Saburi alilinusa kola, akanusa mikono, akajilaza juu yake bila chafya hata moja.

Jumamosi alfajiri mlio wa bunduki ulisikika. Kabla ya saa mbili nyama ilikuwa inagawanywa, na Kefa, aliyekosa mbwa, akapata paja.

Jesca alikuwa amekaa na Saburi kwenye kizingiti. Baba yake akaketi kando yake.

"Kulifua koti nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Ulinionea huruma. Lakini ulinyamaza siku nzima ukimwona mwenzako anabeba kosa lako. Harufu ya sabuni tumeiondoa kwa majivu na upepo. Kama Saburi angeondoka na Kefa, kosa la kunyamaza kwako tungeliondoa kwa kitu gani? Siku nyingine ukikosea, sema mapema, mwanangu, hata kama unatetemeka."

"Nitasema, baba."

Kisha Jesca akamwinamia Saburi, akamwomba radhi sikioni. Mbwa alinusa gauni lake, lililofuliwa kwa sabuni ya dukani kwa Idrissa, akapiga chafya.