King'ora Kililia Siku ya Sabato

Mlinzi Matiko alikutwa Alhamisi asubuhi ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha samaki, pale Sindo. Alikuwa ameganda, ameketi chini ya kitufe cha king'ora, kidole gumba kimechubuka kwa kubonyeza. Hakuna jirani aliyesikia kitu.

Polisi walipokijaribu kitufe hicho asubuhi ile ile, king'ora kililia vizuri.

Inspekta Bhoke hakuamini mashetani. King'ora kiliongozwa na programu iliyofanya kazi chinichini ndani ya kompyuta ya ofisini. Mtu aliizima, kisha akairudisha kabla ya watu kuja kazini. Karani Mokua peke yake ndiye aliyeishika kompyuta hiyo. Akatiwa pingu. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji Homa Bay.

Jumamosi Bhoke alimrudisha kiwandani. Kazi ilikuwa imesimama. Mwenye kiwanda, mzee Omwenga, alikuwa kanisani, ng'ambo ya ua. Msimamizi Cliff, ambaye kila Ijumaa hurudi kwao Migori, alikuwa ameamriwa abaki na funguo.

"Nionyeshe ulivyoizima," Bhoke alisema.

"Leo ni Sabato, Afande. Sigusi kazi," Mokua akajibu.

"Kuua unaweza, kompyuta huwezi?"

"Sikuua."

"Cliff, nionyeshe wewe."

"Kompyuta siijui, Madam. Hayo ni ya huyu muuaji." Akatema mate karibu na viatu vya Mokua.

Bhoke aliingia chumba cha baridi, akabonyeza kitufe. King'ora kikapasua anga. Wimbo wa kanisani ukakatika. Alipotoka, alimkuta Mokua amekodoa macho.

"Una nini?"

"Leo hakifai kulia. Kiliwahi kuvuruga ibada, mzee akaniamuru nikipange kinyamaze chenyewe kila Sabato. Mtu amerudisha mipangilio ya awali, ile waliyotuwekea watengenezaji."

Bhoke alipiga hesabu. Mokua angekuwa ndiye, angerudisha na ule ukimya wa Sabato. Aliyefanya hivi hakuwahi kuwa hapa Jumamosi hata moja.

Hakumtazama Cliff. "Kizime," alimwambia Mokua.

"Sigusi, Afande."

"Basi kilie."

Kikalia. Waumini walijaa langoni, mzee Omwenga mbele yao, Biblia kwapani. "Nani anatutukana siku ya Bwana?" aliuliza. Jasho lilimtoka Cliff. Aliziba masikio, akayazibua, kisha akampiga konstebo kikumbo na kuikimbilia kompyuta. Vidole vyake vikapita juu ya vibonyezo kama vya mtu aliyezoea.

Kimya.

"Kompyuta huijui," Bhoke alisema.

Cliff aliviangalia vidole vyake. "Fundi alipokuja kuiweka programu, nilisimama nyuma yake."

"Konstebo, mvue Mokua pingu, mvishe huyu. Matiko alikukosea nini?"

"Alinilazimisha nifungue begi langoni. Mbele ya akina mama wanaonunua vichwa vya samaki. Mimi, mkubwa wake. Wakacheka."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Samaki wawili."

"Endelea."

"Nilizima king'ora, nikamtuma akaangalie barafu, nikakomea mlango. Nilitaka aite na asisikike, kama nilivyomsihi mimi siku ile asinisikilize. Alfajiri ningemfungulia, anipigie magoti."

"Akapiga?"

Cliff aliutazama mlango wa chumba cha baridi.

"Alikuwa ameketi," akasema.