Misumari Minne Iliyolazwa

Niambie wewe: utoke kanisani ukute kazi ya miezi mitatu ya mikono yako imebebwa, mlango haujavunjwa, hata kuku hawajatawanyika, ungemshika nani shati kwanza?

Benta alikuta hivyo Jumamosi, tarehe 12 Machi 1966, saa saba na dakika kumi mchana, hapo Homa Bay. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na nguo nyeupe ya Sabato ilikuwa bado mwilini. Aliingia banda la baba yake Javan, fundi wa mashua, akaenda hadi pembe ya nyuma. Ijumaa alikuwa ameacha ubao wake pale, umelala juu ya ncha za misumari minne iliyopigwa kwenye kipande cha mvule, ili vanishi ikauke bila kugusana na kitu. Kipande cha mvule kilikuwepo. Misumari ilikuwepo, yote minne, imelazwa bapa upande mmoja. Ubao haukuwepo.

Hakulia. Alitoka nje akapiga teke ndoo ya lami, ikabingirika mpaka ukingoni mwa maji.

Ubao wenyewe ulikuwa kitu kigeni. Mwalimu Helen, msichana wa ng'ambo aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, alikuwa na gazeti lenye picha ya vijana wamesimama juu ya mbao zenye magurudumu, wanateremka barabara kama maji. Benta aliitazama picha ile siku nzima. Kisha akachukua kipande cha mbao kilichobaki kwenye mashua, akakipika kwa maji ya moto na kukikandamiza kwa mawe hadi pua na mkia vikainuka. Chini alifunga beringi nne za lori bovu. Mchoro aliuanza kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa sukari, akaufuta na kuuchora upya mara sita: samaki kamongo, mrefu, amejikunja kutoka pua ya ubao hadi mkia, tumbo la njano, mgongo mweusi, na jicho moja jekundu lililokutazama popote ulipokanyaga.

Haikuwa mchezo. Shule moja ya ufundi huko Migori ilikuwa imebakiza nafasi moja. Kila mwombaji alete Jumatano kitu kipya alichokitengeneza kwa mkono wake, na mshindi aingie. Mwalimu Helen alikuwa amebembeleza wiki tatu ndipo wakakubali msichana naye ajaribu. Bila ubao, hakuna Benta.

Koplo Matiko wa polisi alifika saa tisa na nusu. Alikuwa Mkuria, Dholuo, lugha ya hapo, haijui, kwa hiyo mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Alichuchumaa mbele ya ile misumari muda mrefu. Halafu akauliza ubao ulikuwa umekauka kiasi gani.

Benta alimweleza kwa hasira, kana kwamba Koplo ndiye mwizi. Vanishi ya mwisho aliipaka Ijumaa saa kumi jioni. Saa kumi na moja wingu la usubi wa ziwani likatua ufukweni, ule mweusi mnaoufagia kwa debe, na vijidudu vikanasa kwenye vanishi kama ufuta. Angevitoa kwa msasa, lakini jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia. Kwao hakuna anayeshika kazi Sabato ikishaingia. Akaviacha hapo hadi Jumapili.

"Tukimpata mwizi," Koplo akauliza, "unataka nini?"

Benta alimtazama baba yake.

Aliyejibu ni Javan. Alisema mwizi anajulikana. Ni Jared, jirani, Mkatoliki, ambaye Jumamosi hana kanisa na alishinda hapo anashona wavu. Tena alikuwa akimcheka Benta hadharani kwamba anachora samaki wa kukanyagwa kwa vile wa kula hampati. Jared alipoletwa, vidole vyake vilikuwa na rangi ya njano ileile ya tumbo la kamongo.

"Rangi alinipa mwenyewe Benta, nipake ubavu wa mashua yangu," Jared akasema. "Muulizeni. Na mimi nawauliza hawa watakatifu: nani alikuwa anagonga nyundo hapa saa tano kasorobo? Nimesikia. Ko, ko, ko, ko. Nikasema leo Sabato ya wapi hii?"

Watu waliokusanyika wakamzomea kwamba anakufuru. Benta alikubali kwamba rangi alimpa, lakini sauti yake ilimezwa. Umati ulitaka kumwangukia Jared kwa makasia, na Koplo akamfungia kituoni, zaidi kwa kumwokoa. Javan aliyaona hayo yote, mikono nyuma.

Jumapili saa mbili asubuhi Koplo alirudi. Kulikuwa na mtu wa pili wa kumshuku, Bichage, mfanyabiashara kutoka Oyugis aliyewahi kutaka kuununua ule ubao. Ila Jumamosi nzima Bichage alikuwa sokoni kwao Oyugis, na watu waliomwona hawakuhesabika. Akabaki Javan wa kuhojiwa, kwa utaratibu tu.

Javan alisema alikuwa kanisani tangu saa tatu. Mkewe Teresa alikubali, kisha akaongeza kwamba yeye huketi mbele na wanawake, na mumewe ni shemasi, hukaa mlangoni. Javan alitembea huku na huku bandani pekupeku, kama mafundi wote wa mashua, akimlaani Jared. Njiani palikuwa na kipande cha ubao chenye msumari umesimama. Aliokota nyundo, akaulaza kwa pigo moja, akaendelea kusema pale pale alipoachia.

Koplo aliandika kitu kwenye daftari lake. Akauliza Javan atakuwa wapi Jumatano. Javan akasema atakwenda Sori, mji wa ziwani, kutazama mbao.

Koplo alibeba kile kipande cha mvule. Mlangoni alimwambia Benta kwamba ubao ule hauna faida Homa Bay, maana kila mtu anaujua. Una faida mahali pamoja tu, kwa siku moja tu. Ajitayarishe.

Jumatano, tarehe 16, saa nne asubuhi, walikuwa Migori. Katika chumba cha shule kulikuwa na meza ndefu yenye viti, mitego, taa za mabati. Mwisho wa meza ulikaa ubao wa magurudumu, wa kijani, umechorwa simba aliyefanana na mbwa. Nyuma yake alisimama Cephas, mtoto wa marehemu kaka yake Javan, anayeishi hapo Migori. Na pembeni mwa Cephas, amevaa koti la kanisani, alikuwa Javan.

Benta alitaka kuruka meza. Koplo alimshika kiwiko.

"Umetengeneza wapi?" akamuuliza Cephas.

"Hapahapa, afande. Mwezi wa pili. Peke yangu."

"Umewahi kuupeleka ziwani?"

"Sijawahi. Ungeenda kufanya nini huko?"

Koplo alipitisha kiganja juu ya simba, akamwomba mwalimu mkuu naye apitishe. Ulikuwa na vipele. Akatoa wembe, akakwangua. Rangi iliyopakwa juu ya vanishi bila msasa haishiki, na ile ya kijani ilibanduka kama ganda la ndizi. Chini yake ikatokea ya njano. Likatokea jicho jekundu. Na ndani ya vanishi, mamia kwa mamia, usubi wa ziwani, mabawa na miguu.

"Migori kuna usubi huu?" Koplo akauliza. Cephas alimgeukia ba' mdogo wake, na hapo ikawa kama ameshamtaja.

Koplo aliweka mezani kipande cha mvule.

"Mwizi wa kawaida anabeba na kukimbia. Huyu alikaa akalaza misumari minne, mmoja baada ya mwingine, upande mmoja. Jared huvaa viatu vya tairi, msumari ni nini kwake? Ni fundi wa mashua tu asiyeweza kuacha msumari umesimama, kwa sababu watu wake hukanyaga pekupeku. Mkono wake haumwulizi. Hata siku ya Sabato, mzee."

Javan alitazama miguu yake. Kisha akasema, bila haya, kwamba ndiyo, alitoka mlangoni wakati wa wimbo, akauchukua ubao, akamkabidhi Cephas barabarani. Kaka yake alimwachia huyu mtoto kitandani pa kufia. Mtoto hajui hata kushika randa, atakula nini? Benta ataolewa, na ufundi wake uende kwa watu wengine.

"Na Jared?" Benta akauliza. "Siku nne sasa analala sakafuni kituoni."

Mwalimu mkuu alikohoa, akamwambia Benta kwamba nafasi ni yake, aje Jumatatu na godoro. Benta hakumgeukia. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kamongo wake, na macho yake yako kwa baba.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sikutaka shule, baba. Tangu nina miaka saba nimekuokotea misumari. Ukaniambia mwanamke hagusi mashua inayojengwa, nikafanya kitu kisicho mashua, nikakipika kama mashua, nikakipinda kama mashua, nikakiweka bandani mwako uone. Nilitaka unipe tezo nichonge mbao. Nilitaka kujenga mashua na wewe."